Ulimi wa Filamu

Filamu ilikuwa imeharibika. Zilpah alilijua hilo hata kabla hajamaliza kuitundika, kwa sababu mtoto aliyelelewa katika nyumba ya mpiga picha hahitaji kusubiri karatasi ili ajue kilichomo. Aliuinua ule utepe uliokuwa bado unachuruzika maji, akausogeza dirishani, akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vurugu tupu. Paa limekaa juu ya mti, ng'ombe yuko ndani ya kikombe, uso wa mtu umeota majani.

"Iko nini?" Nchagwa aliuliza nyuma yake, karibu kuliko ilivyohitajika. "Nimetokea vibaya?"

"Wewe hauko hapa ndani. Wewe ndiye ulikuwa unapiga."

"Sasa mbona umenuna?"

Zilpah aliutundika ule utepe. Alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho, na moyo ulikuwa unamuuma kwa huruma. Jamaa alitoka Kegonga jana, akalala Migori kwa binamu yake, akaamka na giza kuja Homa Bay. Vumbi la njia nzima lilikuwa bado kwenye kope zake. Mkononi alikuwa na kifuko cha wimbi, ile nafaka ya uji, kutoka kwa mama yake, na filamu aliibeba kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akiishikashika kila gari liliporuka shimo, yeye mwenyewe alisema hivyo. Na sasa ndiyo hii.

Laiti ingekuwa safari ya kutembeleana tu, Zilpah angecheka yakaisha. Lakini haikuwa hivyo. Mara mbili baba yake Nchagwa alikuwa ametuma watu kuuliza kama wazee wake wangepokelewa, na mara mbili Min Zilpah, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mama yake, aliwapa chai na mkate wa kutosha, akawashukuru kwa safari ndefu, akawaambia kwamba mguu wake hautakanyaga Kegonga, na mguu wa bintiye vilevile. Mzee alichukia. Alisema hatatuma mtu tena. Nchagwa alikuwa amekuja mwenyewe leo, Jumapili, kwa ruhusa ya mwisho, na angerudi na neno moja kati ya mawili. Akirudi na hapana, basi yamekwisha.

Wawili hawa walikutanishwa na macho. Nchagwa aliletwa Homa Bay na kazi, msaidizi wa mpima ardhi, akahitaji picha ya kitambulisho. Aliketi mbele ya pazia jeupe, Zilpah akabonyeza, jamaa akafumba macho. Akarudia, akafumba tena. Alimwambia awaze ng'ombe, awaze ugali, awaze mshahara, lakini taa ilipomulika tu macho yakawa yamefungwa kama ya mtu aliyeombwa kubariki chakula.

"Wewe unasali ama unapigwa picha?" Zilpah alimuuliza mwishowe, uvumilivu umemwishia.

"Kwani hizo ni vitu mbili tofauti?" Nchagwa alijibu, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo Zilpah alipomtazama vizuri. Kwake yeye sala na picha hazikuwa tofauti, na hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote.

Alisoma Asumbi, kwa masista, ingawa nyumbani kwao ni watu wa Sabato. Kila jioni masista waliwaketisha wasichana kimya, wakawaambia waitazame siku iliyopita na wamshukuru Mungu kwa kitu kimoja. Zilpah wakati huo alikuwa akishukuru kwa kengele ya kulala. Alikuja kuyakumbuka mafunzo hayo baada ya baba yake, Jeremiah, kufariki na kumwachia studio. Alipiga magoti, maneno hayakuja. Alijaribu tena kesho yake, maneno hayakuja. Basi akachukua kamera, akapiga picha ya viatu vya baba yake ambavyo vilikuwa bado mlangoni, na alipobonyeza akasikia mdomo wake ukisema asante. Akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tangu siku hiyo akawa anapiga picha moja kila siku, picha ambayo hakuna mteja aliyeiomba. Moja tu. Hapangi mtu akae hivi au vile, harudii, na kabla ya kubonyeza lazima aseme asante. Siku ya Sabato habonyezi, kwa kuwa kubonyeza ndiyo kazi yake ya mkate. Siku hiyo anachungulia tu, anashukuru, anaishusha kamera. Alikuwa na hasira nyingi kabla ya hapo, mwepesi wa kujibu wateja na mama yake. Picha hizi zilimfundisha kusimama kwanza na kutazama.

Nchagwa alipohamishiwa kwao Kegonga, alikwenda kama mtu anayepelekwa korokoroni, maana yeye na baba yake walikuwa hawaelewani hata juu ya mvua. Zilpah akampa kamera ya pili ya Jeremiah. "Usiniandikie barua," alimwambia. "Maneno unayo mengi na ni matamu, siyaamini. Nipe siku zako. Moja moja." Basi filamu zikawa zinakwenda na kurudi kwa magari ya Migori. Katika filamu hizo Zilpah alimwona yule mzee mkali amelala zizini kando ya ndama mgonjwa, koti lake amemfunika ndama. Alimpenda mkwe kabla hajamwona. Na Nchagwa naye, kwa kutafuta kitu cha kushukuru kila siku katika boma lile lile, alijikuta ameanza kumsalimu baba yake kwa jina la utani la zamani.

"Nchagwa," Zilpah alisema sasa, mkono umekaza ukingo wa filamu. "Hii uliipiga mara mbili?"

"Mara mbili aje? Ilikataa kuvuta, nikairudisha, nikaitoa. Vile ulinifunza."

"Na ulipoiweka ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa filamu! Ulimi nje, vile wewe hutuma."

"Ulimi ulikuwa umekunjwa?"

"Sikuangalia. Zilpah, mimi ni mtu wa mashamba. Ulimi ni ulimi."

Lakini haikuwa hivyo, na Zilpah alijua. Katika studio ya Jeremiah filamu zilinunuliwa kwa roli kubwa na kujazwa kwenye vikopo vya zamani, kwa hiyo mpya na iliyopigwa zilifanana kama mapacha. Ile iliyopigwa Jeremiah hakuirudisha yote ndani ya kikopo. Aliacha ulimi nje, ule mkia mfupi unaoshikwa wakati wa kuitia kwenye kamera, ili akiwa gizani asihangaike kukibandua kikopo. Ila aliukunja ncha, kona tu, kama mtu anavyokunja ukurasa wa Biblia. Ulimi ulionyooka ni filamu mpya. Uliokunjwa una siku za watu ndani yake.

Zilpah alikunja ndimi maisha yake yote, isipokuwa mara moja. Alikumbuka vizuri sasa. Ilikuwa siku ile watu wa Kegonga walipokuja mara ya pili. Alikuwa amesimama kwenye kaunta anairudisha filamu yake, akasikia sauti ya mama yake kutoka sebuleni ikisema "mguu wangu". Akaitupa filamu pale pale, ulimi umenyooka, akakimbia ndani. Kesho yake, macho yamevimba, akafunga kifurushi cha Nchagwa.

Aliketi kwenye stuli ya wateja.

"Ni mimi," alisema. "Nilikutumia filamu yangu. Ile nimetafuta mpaka nikainua godoro. Nchagwa, ulipiga siku zako juu ya siku zangu."

Nchagwa alisogea karibu. Akachutama mbele yake, akamtazama usoni kutoka chini.

"Kwa hivyo hapa ndani tuko wawili?"

"Hapa ndani kuna matope tu. Siku zangu zimeenda na zako zimeenda."

"Ngoja kwanza. Kazi yangu ni mipaka. Kila siku watu wanalia kwangu, huyu ameingia kwa shamba langu, huyu amesongeza kigingi. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu ameingia kwa shamba langu na mimi nimefurahi."

"Usinichekeshe. Nataka kulia."

"Lia. Mimi niko hapa tu."

Na angelilia kweli, kama mlango wa nyuma usingelifunguka.

Min Zilpah aliingia akiwa amejifunga kitambaa kichwani, mikono ina unga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na alimtazama kijana aliyechutama mbele ya binti yake mpaka kijana akasimama.

"Kijana wa Kegonga."

"Mama, habari ya asubuhi."

"Hapa asubuhi iliisha kitambo. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Jibu langu unalijua. Lakini mtu kukataliwa na njaa juu yake, hiyo ni ubaya. Kuja ule kwanza."

Wakaenda wakala, huku filamu inakauka. Samaki alikuwa mmoja mkubwa, wa mchuzi, na Nchagwa alimkaribia polepole, akichambua miiba kwa uangalifu mkubwa. Min Zilpah alivumilia kwa muda.

"Huyu anakula samaki kama mtu anatoa mwiba kwa mguu," alimwambia Zilpah kwa Kijaluo, kisha akageukia mgeni na kusema kwa Kiswahili, "Nimesema unakula vizuri."

"Asante, Mama. Ile ya kwanza pia nimeisikia. Nimekaa Homa Bay."

Zilpah aliinamia sahani yake. Mama yake alikohoa, akamsogezea mgeni kipande cha kichwa, ambacho hakuwapa watu ovyo.

"Sikiza, kijana. Si eti wewe ni mbaya. Hata mama yako ametuma wimbi, nimeshukuru." Kifuko kilikuwa pale ukutani alipokiweka, hakijafunguliwa. "Lakini Kegonga ni mbali. Kikuria sijui hata salamu. Nikija kwa sherehe nitawekwa kwa kiti kama mzigo, watu wanacheka na mimi nacheka bila kujua ni nini. Kaka zake wako Nairobi na mabibi zao. Ni huyu tu ako hapa. Nilisema mguu wangu hautakanyaga Kegonga, na mtoto wangu haendi kukaa mahali mguu wangu haufiki. Donge? Si ndivyo?"

"Mama, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza. Jibu ni hapana."

Nchagwa alifunga mdomo. Zilpah aliona jinsi taya zake zilivyokaza, akaogopa. Nchagwa wa zamani angesimama hapo hapo akaaga. Lakini huyu alishusha pumzi, akaitazama meza, mikono ya yule mama, sahani, mwiba mmoja mrefu, kama mtu anayetafuta picha yake ya leo. Kisha akasema tu, "Samaki ni tamu, Mama."

Ilikuwa jibu dogo, na Zilpah alimpenda kwa ajili yake mpaka akaona aibu. Akainuka.

"Mama, filamu imekauka. Tunaenda kuosha picha."

"Nyinyi wawili?"

"Ndiyo."

"Kwa chumba cha giza? Mlango umefungwa?"

"Mama, mlango ukifunguliwa karatasi inaungua kwa mwanga, wewe unajua."

"Najua! Nimeishi na huo mlango kuliko wewe." Min Zilpah alipangusa mikono kwa kanga, akafikiri, akabeba stuli yake. "Haya. Mtaongea. Mimi nitakaa hapa nje na nitasikiza. Mkinyamaza, nafungua, na karatasi iungue."

"Tuongee nini, Mama?"

"Chochote! Hamkosi maneno mkiwa huku nje."

Chumba cha giza kilikuwa chembamba, kilichotengenezwa kwa watu wasiozidi mmoja. Zilpah alifunga mlango, akawasha taa nyekundu, na Nchagwa akawa bega kwa bega naye kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuweka bega. Alinukia vumbi na sabuni ya kufulia. Juu ya meza palikuwa na mashine ya kukuzia picha na mabeseni matatu: la dawa ya kuitoa picha, la maji, na la dawa ya kuishikisha isifutike.

"Sisikii!" sauti ya mama ilipenya mlangoni.

"Tunaanza, Mama!" Zilpah aliinua sauti. "Namwonyesha Nchagwa mabeseni!"

"Naona mabeseni, Mama!" Nchagwa naye alipaza sauti, na Zilpah akamkanyaga mguu asicheke.

Alipitisha filamu kwenye mashine. Mwanga ukatupa vurugu ile mezani, kubwa zaidi sasa, vivuli juu ya vivuli. Wapi pa kuanzia? Alisogeza, akasogeza, na kila picha ilimchoma. Hapa palikuwa na asubuhi yake ya mvua. Hapa palikuwa na mzee mmoja wa kanisani akifunga kamba ya kiatu. Zote zimezama ndani ya mahindi ya Kegonga.

"Sema kitu," alinong'ona.

"Nimeishiwa."

"Nasikia kimya!" mama alionya, na stuli ikalia.

"Kegonga, Kehancha, Mabera!" Nchagwa alianza kwa sauti ya utingo. "Migori! Awendo! Rongo! Rodi! Homa Bay!"

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza.

"Ni njia ya kuja hapa, Mama! Nimeikariri!"

Nje palisikika mguno wa mtu anayejizuia kucheka. Zilpah alikuwa ameshika mdomo, machozi ya kicheko yanamtoka. Alipoinua uso, Nchagwa alikuwa anamtazama. Katika taa ile nyekundu uso wake ulikuwa mtulivu, na macho yake, yale macho yasiyoweza kustahimili taa, yalikuwa wazi kabisa.

"Zilpah," alisema chini. "Hata Mama akikataa leo, mimi sitaacha. Ile picha moja ya kila siku. Nataka ujue. Nilikuwa mtu wa kupita tu, napima, naandika, naenda. Sasa nikiamka najiuliza, leo nitashukuru kwa nini? Na kila siku, kabla sijatafuta, jibu limeshakuja na ni wewe, halafu nalazimika kutafuta lingine kwa sababu wewe uko Homa Bay, siwezi kukupiga."

"Sauti!" mama alisema.

"Mama, ninamwambia kitu cha siri!"

"Mlangoni kwangu hakuna siri. Sema!"

Nchagwa alivuta hewa. Halafu, kwa sauti iliyoweza kusikika mpaka barabarani, akamwita binti wa Jeremiah kwa Kijaluo, "Zilpah nyar Jeremiah, nakupenda! Nataka kukuoa! Wewe unataka?"

"Hiyo sikuuliza!" mama alipiga kelele.

"Nataka!" Zilpah alijibu, sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Mama, nimesema nataka!"

Ili mikono yake ipate kazi, Zilpah aliisogeza filamu hadi mwisho kabisa, kwenye picha ya mwisho, akaweka karatasi, akaimulika bila hata kuichunguza, akaitumbukiza kwenye beseni la kwanza. Wakainama wote wawili. Karatasi ilikuwa nyeupe. Halafu kona moja ikaanza kuwa kijivu, ukatokea ukuta, likatokea ungo.

Zilpah aliitambua picha yake. Ilikuwa asubuhi ile ile ya wageni. Mama yake nyuma ya nyumba, hana viatu, anachagua maharagwe kwenye ungo, na kando yake kiti cha Jeremiah. Kila asubuhi mama alikitoa kiti hicho nje pamoja na chake, na kila jioni alikirudisha ndani, na hawakuwa wameliongelea jambo hilo hata mara moja. Zilpah alikipiga kikiwa kitupu. Alikumbuka kwamba siku hiyo asante ilimtoka kwa shida.

Ila sasa kiti hakikuwa kitupu.

Mwanamke alikuwa anajitokeza juu yake, polepole, kitambaa cha kichwani kwanza, kisha bega, kisha mikono iliyoshika ungo mwingine. Hakukaa sawasawa, mguu mmoja wa kiti ulipita katikati ya sketi yake na ukuta wa Homa Bay ulionekana kupitia shavuni. Lakini alikuwa ameketi. Alikuwa ameinama kidogo upande wa Min Zilpah kama mtu anayesimulia jambo, na Min Zilpah alikuwa amegeuza kichwa kama mtu anayesikiliza.

"Ni mama yangu," Nchagwa alisema, na sauti yake haikufika hata kwenye beseni. "Juzi. Alikuwa anachambua wimbi ya kuleta hapa."

Zilpah aliushika mkono wa Nchagwa ndani ya maji ya dawa, vidole kwa vidole.

"Zilpah?"

Hawakujibu.

"Zilpah! Mmenyamaza!"

Stuli ilisukumwa. Kitasa kikasogea, na Zilpah akazinduka kwa hofu, maana picha ilikuwa bado haijafika kwenye dawa ya kuishikisha. Mwanga ukiingia sasa, wale kina mama wawili wangegeuka weusi na kupotea.

"Mama, usifungue! Tafadhali! Ngoja!"

Kitasa kilisimama. Waliisikia pumzi yake upande wa pili wa mbao. Zilpah aliinyanyua karatasi, akaipitisha kwenye maji, akailaza kwenye beseni la tatu, na mlango haukufunguka.

"Imetoka vizuri, donge?" mama aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Baba yako alikuwa hivyo. Nilikuwa nakaa hapa nje na kazi yangu, yeye anaongea na mimi, anaongea, anaongea. Halafu ananyamaza. Nikisikia amenyamaza, najua picha imekuwa nzuri."

Zilpah aliegemeza paji la uso mlangoni. Kumbe. Siku zote hizi alidhani mama yake ni askari, na leo alidhani stuli ile imewekwa kuwalinda. Alikuwa amempiga picha mama huyu mara ngapi, na upweke huu hakuuona.

"Mama," alisema, "ingia."

Min Zilpah aliingia, akajibana katikati yao, akapangusa uso kwa kanga, akainamia beseni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, Mama."

"Sina viatu. Ulinipiga bila viatu?" Kidole chake kilisogea juu ya maji, hakikugusa. "Na huyu amekalia kiti cha Jeremiah ni nani?"

"Ni mama yangu," Nchagwa alisema. "Anaitwa Mellen. Amekaa kwetu, mbele ya nyumba. Hiyo ukuta nyingine ni ya nyumba yetu. Hakuna mtu alipanga, Mama. Filamu iliingia mara mbili."

"Kwa hivyo hapa ni Kegonga?"

"Hapa ni Kegonga, Mama. Na ni hapa pia."

Taa nyekundu ilikuwa inamtetemekea Min Zilpah mashavuni, kisha Zilpah akaona kwamba siyo taa.

"Mimi nilisema mguu wangu hautakanyaga Kegonga."

"Ulisema, Mama."

"Mbele ya watu. Mara mbili." Akavuta kamasi. "Na kumbe nilishafika, nimekaa, miguu chini, naongeleshwa, na hakuna mtu aliniambia."

Nchagwa alifungua mdomo, Zilpah akamkanyaga tena.

"Anasema nini huyu Mellen?" mama aliuliza. "Ona vile ameinama. Ananiambia nini?"

"Mama, yeye hajui Kijaluo," Nchagwa alisema taratibu. "Lakini juzi alikuwa ananiuliza, huyo mama wa Zilpah asubuhi hukaa na nani?"

Min Zilpah alifunika mdomo kwa kanga. Walimwacha. Alipomaliza, alijinyoosha, na sauti yake kubwa ikarudi mahali pake.

"Mwambie baba yako alete wazee. Siku yoyote, isipokuwa Sabato. Na huyu mama aje pamoja nao, hata kama desturi yenu inakataa, nimesema mimi. Kiti kiko." Alitoka, wakamsikia anavuta kifuko cha wimbi kutoka ukutani na kukata uzi kwa meno. "Nyathina!" aliita, na ilimchukua Nchagwa muda kidogo kujua kwamba mtoto anayeitwa ni yeye. "Hii wimbi imechambuliwa na mtu anajua kazi. Napika uji."

Alirudi hadi mlangoni, akawatazama wamesimama bega kwa bega mbele ya mabeseni, mikono bado imelowa dawa. Akashika kitasa.

"Filamu bado iko na picha nyingi, ama?"

"Nyingi, Mama," Zilpah alisema.

"Basi ziosheni." Akauvuta mlango taratibu, na uso wake ulikuwa wa mwisho kupotea. "Sasa mnaweza kunyamaza. Kidogo!"

Mlango ukafungwa. Wakanyamaza, na safari hii aliyefumba macho alikuwa Zilpah.